Diski Iliyotangulia Kuamka

Jumatatu, tarehe 6

Nadai, na dai hili nitalitetea mbele ya yeyote: kompyuta ikilala kisha ikaamka, diski zake huamka zimesahau kila zilichoagizwa, na kuzikumbusha kwa mkono, siku nenda siku rudi, ni kazi isiyomstahili mtu mwenye shahada. Ushahidi niliupata leo saa tisa na robo alasiri. Hewani! Mbele ya wasikilizaji wote wa redio yetu!

Nieleze mazingira, ili hata mjukuu wangu atakayeisoma shajara hii asipotee njia. Kompyuta ya studio imekufa feni. Kwa hiyo saa sita mchana hulazwa ipoe, mashine ya kanda ikabaki inapiga muziki, na saa nane huamshwa. Ina diski mbili za nje, zimekaa mezani kama mapacha wasiosemezana: kasha jeusi na kasha jeusi. Moja ni ya vipindi. Hiyo haitakiwi kupumzika hata dakika moja, na hufungwa isiandikwe, maana Asali, mtangazaji wetu, aliwahi kufuta kipindi kizima cha afya akitafuta kitufe cha sauti. Ya pili ni ya matangazo. Hiyo ipumzike itakavyo, lakini lazima ikubali kuandikwa, kwa kuwa kila siku tangazo jipya hurekodiwa juu ya lile la jana. Hiyo ndiyo mipangilio yenyewe. Kompyuta ikilala, yote hutoweka.

Pembeni mwa skrini kuna karatasi iliyobandikwa kwa plasta ya kidonda. Mwandiko wa Fundi. Mistari minne, ya kuchapwa kila kompyuta inapoamka. Huyu Fundi ni binti wa rika langu. Ana cheti cha ufundi, shahada hana, na huchomeka bisibisi sikioni kama wenzake wachomekavyo kalamu. Leo alikuwa juu ya paa akinyoosha antena, hivyo kuchapa ilikuwa zamu yangu.

Sikuchapa. Nilikuwa katikati ya sura ya tisa ya kitabu cha historia ya mantiki, na mtu hakatishwi katikati ya sura ya tisa.

Basi Asali, kwa ile sauti yake ya kumwagika, akawaambia wapenzi wasikilizaji wamsikilize sasa daktari wa meno mwenyewe. Kimya. Diski ya vipindi ilikuwa imejipumzisha, na ilipoitwa ikaanza kujikokota upya. Sekunde kumi na moja! Nilizihesabu. Kwenye sekunde ya sita Asali akaanza kuimba kwa pua. Msikilizaji mmoja akapiga simu kuulizia kama daktari amefariki.

Mama Mdogo akaniita ofisini. (Ni mdogo wake mama, naye ndiye mkurugenzi wa redio. Kazini nimepigwa marufuku kumwita Mama Mdogo, ila shajara hii ni yangu.) Aliniita "Ndugu Msaidizi", nikajua mambo yameharibika. Akasema miezi yangu mitatu ya majaribio inakwisha Jumamosi, na Jumamosi hiyohiyo atamtaja Mkuu wa Mitambo. Ama mimi, ama Fundi. Akaongeza kwamba baba ameshampigia simu. Baba ana duka la vifaa vya ujenzi, na ameshanishoneshea aproni. Ya buluu! Yenye mfuko wa misumari!

Mimi sipimi misumari kwa kilo. Nimesoma.

Mkakati: nitaandika programu fupi itakayozirudishia diski mipangilio yake mara tu kompyuta inapofumbua macho. Mkono hautahitajika. Karatasi haitahitajika. Fundi naye, tukienda hivyo hadi Jumamosi, tutaona.

Jumanne, tarehe 7

Imekamilika. Mistari kumi na minne, mizuri kiasi kwamba niliisoma kwa sauti. Kanuni yake ni moja: diski inayoamka kwanza ni ya vipindi, inayofuata ni ya matangazo, kila moja ipewe agizo lake. Ya kwanza, ya pili. Mantiki tupu.

Fundi akaja kunichungulia begani, anatafuna karanga. Akauliza nazitofautishaje. Nikamfafanulia. Akacheka mpaka bisibisi ikamdondoka sikioni. Eti diski haziamki kwa foleni, Msomi wangu. Leo inawahi hii, kesho inawahi ile, inategemea tu ipi imeamka na nguvu. Eti kila diski ina namba yake, imechapwa mgongoni, haifanani na ya nyingine yoyote duniani, kwa hiyo niitaje kwa namba hiyo yaishe. Nikamwuliza kwa upole kama yeye wazazi wake walimpa namba. Akasema hapana, lakini hawakumwita Aliyetangulia Mlangoni pia.

Nimelitafakari jibu hilo. Si jibu.

Saa nane nikaamsha kompyuta. Diski ya vipindi ikanguruma, ya matangazo ikafuata. Programu ikafanya kazi yake! Alasiri nzima hapakuwa na kimya hata cha kumeza mate. Asali alisikitika; alikuwa ameshaandaa wimbo wa dharura.

Nikaandika waraka wa kurasa saba, "Juu ya Wajibu wa Diski Baada ya Usingizi", nikaubandika kwenye ubao wa ofisi. Hadi saa kumi na moja ukurasa wa nne ulikuwa haupo. Mlinzi amefungia mkate! Nikamwuliza kama angalau aliusoma. Akajibu kwamba alisoma pale pasipofika siagi, na akanipa pole kwa matatizo yangu.

Jumatano, tarehe 8

Imefaulu tena. Mara mbili mfululizo! Fundi anasema ni bahati. Nilimjibu kwamba bahati ni jina ambalo wasiosoma huipa kanuni. Akaniomba nimwandikie sentensi hiyo, ataibandika chooni.

Nimeibandua ile karatasi yake pembeni mwa skrini. Mahali penye programu, karatasi ni tusi. Zaidi ya hayo, sipendi Mama Mdogo aingie studio siku tatu kabla ya uteuzi na kukuta mwandiko wa mpinzani wangu umeganda penye macho ya kila mtu. Sikuitupa, mimi si mshenzi. Nimeichomeka kitabuni, sura ya kumi na moja, inanifaa kuonyesha nilipofika.

Kesho alfajiri Fundi anapanda kilimani kwenye mnara wa kurushia matangazo. Atashuka Ijumaa alasiri. Siku mbili, mitambo yote mikononi mwangu. Mama Mdogo ataona.

Tangazo la leo lilikuwa zito. Mzee amepotea: mshonaji mstaafu, aliondoka nyumbani jana kwenda kutengeneza miwani, hajarudi. Amevaa shati la kijivu lenye kola iliyochakaa. Atakayemwona amlete kwenye kituo chetu cha redio. Karatasi ya tangazo ililetwa na mkwewe, mke wa mwanawe, macho yamemvimba. Asali alilisoma kwa huzuni hadi akajiliza mwenyewe, tukalazimika kurekodi mara mbili.

Alhamisi, tarehe 9

Siku ya hovyo.

Ilianza vizuri. Mzee kapatikana! Foleni kwa fundi miwani ilikuwa ndefu, akaamua kwenda kulala kwa dada yake, na hakuona sababu ya kumwarifu mtu. Mkwewe alikuja na karatasi mpya ya shukrani. Asali akarekodi saa tisa, juu ya lile la jana, kama kawaida.

Saa kumi likarushwa tangazo. Mzee amepotea! Shati la kijivu! Kola iliyochakaa!

Nilimhoji Asali. Kumbe alipomaliza kurekodi kilitokea kidirisha kwenye skrini kikisema diski imefungwa, haiandikiki. Akakifunga. Anasema vidirisha huvifunga vyote, hakionei hata kimoja, kama mtu anavyofukuza nzi.

Hapo sijafika kwenye baya zaidi. Saa kumi na nusu Mama Mdogo alikuwa studio na mgeni wa heshima, mganga mkuu wa hospitali. Akataja kipindi cha mwaka jana, akasema tukisikilize kidogo. Kimya. Sekunde kumi na moja. Asali akaanza kuimba kwa pua. Mgeni akadhani ni dua, akasimama na kuinamisha kichwa. Mama Mdogo, kwa kumheshimu mgeni, naye akasimama. Nilikuwa nyuma ya kioo. Aliniangalia muda wote wa ile dua.

Nimechunguza. Diski ya matangazo ndiyo iliyotangulia kuamka leo! Programu yangu, kwa uaminifu, ikaichukulia kuwa ya vipindi na kuifunga isiandikwe. Ile ya vipindi ikahesabiwa ya pili na kuruhusiwa kupumzika. Yaani programu haikukosea hata herufi. Diski ndizo zilizokosea.

Nikataka kurekebisha kwa mkono, mara hii tu. Karatasi? Kitabuni. Kitabu? Nilikirudisha maktaba leo asubuhi, kwa kuwa mimi hurudisha vitabu kabla ya tarehe. Nikakimbia maktaba. Mkutubi alikuwa anafunga mlango. Akasema kitabu changu kimeshaazimwa na mtu mwingine. Nani katika mji huu anasoma historia ya mantiki? Siku nyingine ningefurahi.

Mama Mdogo aliponiita nilidokeza, kwa maneno ya jumla, kwamba huenda nyaya ziliguswa na mtu kabla hajapanda kilimani. Akauliza mtu gani. Nikanyamaza kwa namna inayosema mengi. Akaniambia nikinyamaza tena hivyo atanipa sekunde kumi na moja za kukusanya vitu vyangu.

Ijumaa, tarehe 10

Saa tatu asubuhi mlango wa mapokezi ulifunguliwa kwa goti. Wakaingia wapiga rangi wawili, nguo madoadoa, katikati yao wamemshika mikono mzee mwembamba mwenye miwani mipya na shati la kijivu. Walimkamata kwa fundi miwani! Alikuwa amefuata miwani yake. Walisikiliza redio yetu jana, wakamtambua, wakashuka ngaziani na kuacha ukuta nusu.

Mzee akapaza sauti kwamba yeye amepatikana tangu jana. Mpiga rangi mrefu akamwambia Mama Mdogo, kwa sauti ya chini, kwamba wazee wakipotea ndivyo wanavyosema wote.

Kumbe kupotea hakumuudhi kama kola. Kola! Alimfuata Mama Mdogo hadi kwenye meza na kumnyooshea shingo aiguse. Guseni wenyewe, alisema, guseni muone kama imechakaa. Alisema ameshona miaka arobaini. Kola hii ilipoanza kulika aliifumua, akaigeuza upande wa ndani ukawa nje, akaishona upya kwa mkono wake, na sasa mji mzima unaambiwa mara mbili kwamba mshonaji anatembea na kola mbovu. Je, nani atampelekea suruali kukata? Nikamkumbusha kwamba amestaafu. Akasema, mjukuu wangu, heshima haistaafu, sasa niambie nani aliandika. Ikabidi aambiwe ni mkwewe. Akakaa kitako. Akasema basi ndiyo maana chai siku hizi ni maji.

Mama Mdogo akamwahidi: leo saa kumi litatoka tangazo la kusahihisha, kwamba amepatikana na kwamba kola ni nzima. Abaki pale mapokezi alisikie kwa masikio yake. Wapiga rangi nao wakaomba wabaki, kwa sababu wanatarajia kutajwa. Kisha akanigeukia. "Ndugu Msaidizi," akasema, kazi yako leo ni moja. "Ndugu Msaidizi," akasema tena, moja tu.

Mara mbili! Aproni niliiona kabisa, imening'inia kwenye msumari.

Nikafikiri kwa kina. Ikiwa diski hazitaki kuamka kwa mpangilio, zitapangwa. Mkakati mpya: nichomoe waya wa umeme wa diski ya matangazo, niamshe kompyuta, nisubiri ya vipindi ingurume na ihesabiwe ya kwanza, ndipo nichomeke ile nyingine. Ustadi! Tatizo dogo: makasha mawili, yote meusi. Ipi ni ipi? Ningeweza kuyageuza nikasoma namba mgongoni. Nilikataa. Kuisoma ile namba ni kumpa Fundi ushindi hata akiwa juu ya kilima. Siku zote ya vipindi hukaa kushoto. Nikachomoa ya kulia.

Ilifanya kazi kama nilivyopanga. Ya kushoto ikanguruma kwanza, ya kulia ikafuata kwa adabu. Nikatoka kifua mbele. Asali akarekodi masahihisho ya kola kwa sauti ya kifalme. Kikatokea kidirisha. Akakifunga.

Saa kumi. Mapokezi tulikuwa sote: mzee ameweka kikombe magotini, wapiga rangi wamechana nywele, mimi nimeegemea mlango. Redio ikasema: mzee amepotea. Mshonaji mstaafu. Shati la kijivu.

Wapiga rangi wakasimama na kumshika tena mikono!

Mzee hakupigana. Alisubiri kwa utulivu neno moja. Likaja. Iliyochakaa. Chai ikamwagika yote kwenye viatu vyangu.

Mama Mdogo alipita kama upepo, akaingia studio, akamsukuma Asali na kiti chake cha magurudumu hadi ukutani, akafungua maikrofoni. Hewani, bila karatasi, akasema mzee amepatikana, amepatikana tangu jana, tafadhali asikamatwe na mtu, na kola yake ameigusa yeye mwenyewe, ni nzima kuliko za wafanyakazi wake. Mzee akaachiwa. Akavua miwani, akaifuta.

Mwanamke wa usafi, aliyekuwa anapangusa chai, akauliza kama shida ni zile diski. Kwa sababu jana asubuhi alipangusa meza, na alipozirudisha hakukumbuka ipi ilikuwa upande gani.

Wakati huohuo Fundi akaingia, vumbi hadi kwenye kope. Aliangalia skrini. Hakuuliza karatasi. Akachapa mistari minne kwa kasi ya mtu anayejikuna, nusu dakika, mambo yakakaa sawa. Nikamwuliza amewezaje bila karatasi. Akaniangalia kwa mshangao wa kweli. Akasema mistari hiyo anaijua tangu siku ya kwanza. Karatasi aliniandikia mimi.



Jumamosi, tarehe 11

Kikao saa nne. Mama Mdogo hakuzunguka. Mkuu wa Mitambo: Fundi. Makofi. Mlinzi, ambaye hakualikwa, alipiga makofi kutoka dirishani.

Mimi? Miezi mitatu mingine ya majaribio, chini ya Fundi, kwa sharti kwamba nisiguse kitu chochote kinacholala na kuamka. Asali akauliza kama naye amo.

Kisha Fundi akafungua programu yangu mbele ya wote. Nilijiandaa kuiona ikifutwa. Hakuifuta. Aliyageuza yale makasha, akasoma namba za migongoni kwa sauti, akabadilisha mistari miwili, akaweka namba mahali pa "ya kwanza" na "ya pili". Basi. Akailaza kompyuta na kuiamsha mara nne. Mara mbili ilitangulia hii, mara mbili ile, na kila mara kila diski ikapata agizo lake. Akasema, bila kucheka, kwamba programu ni nzuri, kazi aliyokuwa anaifanya kila siku sasa imekwisha, na ilikosa tu kutazama sura za watu.

Nikasimama. Nikataka iandikwe kwenye kumbukumbu za kikao kwamba mistari kumi na miwili kati ya kumi na minne ni yangu, kwa hiyo kwa hesabu yoyote ile Mkuu wa Mitambo ni mimi kwa sehemu sita kati ya saba. Mama Mdogo akafumba macho. Kwa mara ya kwanza ofisini akaniita "mwanangu". Hili ni baya kuliko Ndugu Msaidizi.

Baba alipiga simu mchana. Ameshaambiwa. Hakunisimanga. Alisema aproni ipo, haiozi, na kwamba amemrudishia fundi cherehani aongeze mfuko wa pili, mkubwa, wa kuwekea kitabu. Nilitaka kubishana naye. Nikajikuta namwuliza kina cha mfuko.

Jumapili, tarehe 12

Nimelala vizuri, nimekunywa chai, nimepima ushahidi wote upya bila hasira. Matokeo ni wazi. Alhamisi diski ya matangazo ilitangulia. Ijumaa ikatangulia tena. Kwamba niliisaidia ni suala la pembeni. Mara mbili mfululizo! Kwa hiyo kanuni ni sahihi, ila imegeuka: iliyoamka pili ndiyo ya vipindi. Mistari mipya miwili nimeshaiandika. Kesho nitawahi ofisini kabla ya Fundi, nitaondoa zile namba zake zisizo na falsafa, nitaichapa. Sharti la Mama Mdogo nimelisoma kwa makini. Limetaja vitu vinavyolala na kuamka. Kibodi hailali.

Yule mtu aliyeazima historia ya mantiki, nimemjua. Ni mzee wa kola. Mkutubi ananiambia alifika nacho jana kulalamika kwamba jalada lake limeshonwa vibaya.

Nimemaliza pia kuandika barua ya wazi, kurasa tisa, nitakayoibandika kwenye ubao kwa gundi isiyobanduka. Nanukuu aya ya mwisho, ili ibaki hata mlinzi akipata mkate mwingine:

"Kwa Mkuu wa Mitambo. Umeshinda cheo, hujashinda hoja. Nakutaka Jumatatu, mara baada ya taarifa ya habari ya saa saba, uketi mbele ya maikrofoni, nami niketi mkabala nawe, na wasikilizaji wetu wote wawe mashahidi. Usije na bisibisi. Usije na namba. Unijibu swali moja tu, kwa sauti, hadharani, bila kutafuna karanga: kama diski iliyotangulia kuamka si ya kwanza, basi ni ya ngapi?"